Kilomita za Lwakhakha

Vijana wa yadi, mmeniomba niandike kitu kabla sijasahau, na kwa kuwa mliomba kwa adabu, someni hadi mwisho. Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu. Bado naamka saa kumi na moja alfajiri na kutafuta ovaroli, kisha nakumbuka niliiacha kwenye msumari pale stoo. Kazi yangu mnaijua: kufunga vidhibiti mwendo vya elektroniki kwenye malori ya kukodishwa. Madereva wote kutoka Kitale hadi Bungoma huviita gavana, na mimi wakaniita Madam Gavana. Kuna watu wa Moi's Bridge ambao mpaka leo wanadhani niliwahi kugombea kiti.

Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa, hayamfundishi mtu kufunga waya. Nitaandika kuhusu aliyenifundisha, vifaa nilivyoshika, na lori moja ambalo nimelibeba moyoni muda mrefu kuliko lilivyowahi kubeba mahindi. Majina ya watu nimeyabadilisha, na mahali nimepasogeza kidogo. Lwakhakha peke yake nimeiacha ilivyo, kwa sababu bila Lwakhakha hamtaelewa kitu.

Nilianza Bungoma kwa Fundi Salimu, ambaye gereji yake ilikuwa nyuma ya msikiti. Adhana ikilia aliacha waya zikining'inia, akanawa, akaenda kuswali, na wenye malori wakakaa kwenye benchi kumsubiri. Hawakuwa na la kufanya, kwa sababu hakuna mwingine mjini aliyejua umeme wa lori kama yeye. Siku yangu ya kwanza alinipa testa na lori lisilowaka taa ya nyuma, akasema, "Binti, tafuta ugonjwa." Nilitafuta mpaka adhuhuri. Nilibadilisha balbu tatu.

Aliporudi kutoka msikitini akaniuliza, "Balbu umepima mara ngapi?"

"Mara nne, Fundi."

"Na waya unaoshika bodi?"

"Huo bado."

Hakucheka wala hakunigombeza. Alinionyesha bolti inayoubana waya ule, imeliwa na kutu, akanipa kipande cha msasa, akaenda kunywa chai. Nikasugua, taa ikawaka.

Gavana za elektroniki zilipoanza kuletwa, mafundi wengi wa rika lake walizikimbia. Yeye aliifungua moja juu ya meza na kuikodolea macho asubuhi nzima, halafu akanieleza jambo ambalo nawaeleza nyinyi sasa. Boksi lile halioni barabara. Linachofanya ni kuhesabu mizunguko ya shafti inayotoka kwenye giaboksi. Wewe fundi ndiye unayeliambia kwamba gurudumu likizunguka mara moja, lori limesonga mita kadhaa. Ukiliambia vibaya litaamini, na kuanzia hapo kila kitu litakachosema kuhusu mwendo na umbali kitakuwa kibaya kwa kiasi hichohicho, bila haya.

Kwa hiyo Salimu alikuwa na desturi ya chaki. Unachora mstari kwenye tairi na mwingine chini, dereva anasogeza lori polepole hadi tairi lizunguke mara moja kamili, unachora tena chini, unapima kwa tepu kati ya mistari miwili. Namba hiyo ndiyo unayoingiza kwenye boksi. Dereva atanung'unika kwamba unampotezea saa. "Mwache anung'unike," Salimu alikuwa akisema. "Wewe pima."

Nilipohamia Kitale, kwenye yadi ya kampuni inayokodisha malori, nilikwenda na tepu yake. Alinipa siku ya kuagana, akajifanya amepata mpya.

Miaka ya kwanza Kitale ilikuwa vita. Malori ya mizigo yanatakiwa yasizidi kilomita themanini kwa saa, na dereva mwenye mzigo wa kufika Bungoma kabla ya wenzake anaona themanini ni matusi. Walibandika sumaku kwenye giaboksi ili boksi lipoteze hesabu. Walikata waya chini ya zulia na kuweka swichi ndani ya kisanduku cha huduma ya kwanza, mahali ambapo walijua askari hatafungua. Mmoja wa Webuye alinakili muhuri wangu wa madini ya risasi, ule ninaofungia boksi, kwa bati la kopo la maziwa, kazi safi kabisa, nikamsifu kabla ya kumripoti. Nilizoea kushika waongo, na nilikuwa hodari. Nawaambia hili kwa sababu ndilo lililoniharibu. Ilifika mahali dereva akisema "Habari ya asubuhi, Madam," najiuliza anaficha nini.

Kulikuwa na desturi nyingine ambayo si ya madereva bali ya wateja wenyewe. Madereva waliiita kuvua viatu. Mteja anakodisha lori letu lenye matairi makubwa mapya, anafika nalo nyumbani, na Jumapili moja anayang'oa matairi yale na kuyavisha lori lake mwenyewe la zamani. Letu linabaki na matairi ya huko, yaliyokwisha, mara nyingine ya namba ndogo, maana rimu ni moja na yanaingia. Kila mtu alijua. Karani wa yadi alijua, meneja wa usafirishaji alijua. Mimi nilijua vizuri zaidi, kwa sababu tairi dogo linabadilisha namba ya boksi.

Sasa lori lenyewe. Lilikuwa limekodishwa na mfanyabiashara wa mahindi wa Moi's Bridge, na kazi yake ilikuwa kutoka Kitale hadi Bungoma na kurudi, siku sita kwa wiki. Dereva nitamwita Barasa. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo, mzee wa kanisa lao, na ndiye dereva pekee niliyemjua aliyefua kitambaa cha dashibodi. Kila alipofika alimpigia mkewe simu, "Rose, nimefika," akakata. Madereva wenzake walimwigiza.

Siku nilipoletewa lori lake ili nilifungie gavana mpya, mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi yake na yadi yetu, mnavyoijua, ilikuwa uji mtupu. Malori matatu yalikuwa kwenye foleni. Mteja wa Moi's Bridge alikuwa anapiga simu kila baada ya muda mfupi kuuliza lori lake linatoka lini. Chaki haishiki kwenye matope. Ubavu wa tairi, palipoandikwa namba, ulikuwa umefunikwa. Karatasi ya kampuni ilisema matairi ni 1200, yale makubwa. Nilichotakiwa kufanya ni kupangusa ubavu wa tairi kwa soli ya kiatu changu na kusoma. Sikufanya. Nilinakili namba kutoka kwenye karatasi, nikafunga muhuri, nikaweka sahihi.

Wiki mbili baadaye Barasa alikuja, akasimama kando mpaka nikamaliza niliyekuwa naye.

"Madam, hii gavana inakata mwendo mapema."

"Saa ya mwendo kwenye dashibodi inasoma ngapi ikikata?"

"Inasoma themanini. Lakini si themanini ile ya kawaida, bana. Hata hapo Kiminini, kwa balabala tambarare, pikapu ya kuku ilinipita. Na ilikuwa imejaa."

"Labda kuku walikuwa na haraka," nikasema.

Yadi nzima ilicheka. Barasa naye alitabasamu kwa heshima, akapanda lori lake akaenda. Jibu lile lilinifurahisha siku nzima, nikalirudia nyumbani kwa mume wangu. Leo nikilikumbuka naona aibu.

Kila mwisho wa mwezi nilikuwa natoa kumbukumbu kwenye maboksi. Wakati ule yalikuwa yanaandika mwendo na umbali tu, hayakuwa na ramani. Lori la Barasa lilionyesha kwamba kila wiki lilikuwa limekwenda kilomita themanini na kitu zaidi ya safari zake. Na kwenye daftari la ghala la Bungoma aliandikwa amechelewa karibu kila siku. Meneja wa usafirishaji, kijana msomi na mwepesi wa hesabu, alitandika ramani mezani na kuweka rula juu ya Bungoma. Ukitoka hapo, kwenda na kurudi jumla iwe umbali ule, unafika wapi? Unafika Lwakhakha, mpakani. Mtu wa pili akasema ni magendo ya sukari ya Uganda. Wa tatu, aliyekuwa amesoma na Barasa, akasema kwamba Barasa kabla ya kuoa aliwahi kukaa Lwakhakha na alikuwa na msichana huko. Baada ya hapo hakuna aliyezungumzia sukari tena.

Waliniita kwenye kikao kama mtaalamu. Barasa alikuwa amekaa na kofia mapajani.

"Madam, waambie," akasema. "Wewe unajua hii gari. Mimi sijawahi kutoka njia."

"Boksi limesema hivyo," nikajibu. "Na saa ya dashibodi inasema vilevile. Ni mashahidi wawili."

Hao hawakuwa mashahidi wawili. Boksi na saa ya dashibodi vilikuwa vinasikiliza waya mmoja kutoka kwenye giaboksi moja, na nilivisawazisha kwa namba moja. Nilijua hivyo wakati maneno yananitoka mdomoni. Niliyasema kwa sababu yalisikika vizuri. Barasa aliachishwa kazi, na nakala ya ripoti, iliyoitaja Lwakhakha, akapewa mkononi. Chini kabisa palikuwa na sahihi yangu.

Baada ya mwezi mmoja hivi alikuja getini. Hakutaka kuingia.

"Kazi nimeacha ikae, Madam. Sijakuja juu ya kazi. Rose alisoma ile karatasi, akarudi kwao na nguo zake. Ati nina nyumba Lwakhakha. Niandikie tu barua moja, ya kuonyesha mama watoto kwamba hiyo mashine inaweza kukosea."

Nilimwambia, na nawaandikia kama nilivyosema: "Mashine ikikosea, Bwana Barasa, hukosea ovyo. Leo hivi, kesho vile. Hii yako ina ratiba."

Alinishukuru kwa muda wangu. Ndivyo alivyosema, "Asante kwa muda wako." Nikarudi kwenye waya zangu. Nyinyi mliosoma mtakuwa mmeshanicheka, kwa sababu fundi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba kosa linalorudi sawasawa kila wiki ndilo kosa la kipimo. Nilikuwa na miaka mingi kazini, na nililitumia jambo hilohilo kumhukumu mtu.

Mkataba wa lori ulipokwisha, lilirudishwa yadi na kuoshwa. Karani wetu alikuwa analizunguka akipiga kelele.

"Hizi tairi si zetu. Zetu zilikuwa elfu moja mia mbili. Hizi ni elfu, tena zimeisha. Huyu mzee wa Moi's Bridge alivua viatu hata kabla ya mvua ya mwaka jana, tangu wiki ya kwanza, tanboi wake, yule utingo, ameniambia."

Wote walibishana kuhusu matairi. Mimi nilichukua chaki. Nilimwomba mtu asogeze lori, nikachora, nikapima. Mita tatu na sentimita kumi na tano. Kwenye boksi nilikuwa nimeandika mita tatu na arobaini na tatu. Kwa kila kilomita mia alizokwenda Barasa, boksi langu lilikuwa limeandika karibu mia na tisa. Zidisha kwa safari za siku sita, unapata Lwakhakha kwenda na kurudi. Na pale saa iliposoma themanini, yeye alikuwa anakwenda sabini na tatu, ndiyo maana alichelewa na ndiyo maana kuku walimpita. Hesabu yote nilimaliza nimechuchumaa, kwa kalamu, kwenye kiganja changu.

Nilikwenda kwa meneja wa usafirishaji, nikamweleza. Alisikiliza vizuri, akafunga mlango.

"Madam, huyo mtu alishaenda. Tukifungua hii, si tutafungua ripoti zako zote? Watasema ni wangapi wengine."

Ningeweza kumwambia afungue zote. Nilisema, "Ni kweli," nikatoka. Tangu siku ile sikufunga gavana hata moja bila chaki, na nyinyi mlinicheka, mkasema Madam anapima lori kama fundi cherehani. Nililala nikijiambia kwamba uangalifu wangu ndio malipo. Miaka minane nilijiambia hivyo, na kwa Barasa haukusaidia kitu, kwa sababu hakujua hata kama nimegundua.

Sina kisingizio cha miaka hiyo. Nilikuwa naogopa jina langu. Nililinda jina la Madam Gavana ambaye hakosei, na mwenzangu alikuwa anaishi bila lake.

Nilipostaafu niliandika ile barua. Niliiandika mara nne, kwa mkono, bila muhuri wa kampuni: namba za matairi, vipimo viwili, jinsi nilivyonakili karatasi bila kuangalia, na kwamba Barasa hakuwahi kutoka njia hata kilomita moja. Niliulizia kwa madereva wa zamani, wakaniambia yuko upande wa Kiminini, anaendesha mashine ya kusaga posho. Nikaenda asubuhi ya Jumatano.

Alikuwa mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Alinitambua mara moja, akazima mashine, akanipeleka nyumbani kwake hapo nyuma, akanipa kiti. Niligundua kutoka kwenye nguo za kike zilizoanikwa kwenye kamba kwamba kuna mwanamke nyumbani, na nikafurahi, nikadhani nimekuja na zawadi. Nilimpa barua. Aliisoma polepole, kidole chini ya mstari.

"Kwa hiyo ilikuwa ni tairi," akasema.

"Ilikuwa ni mimi, Bwana Barasa."

Akaanza kunieleza kwa sauti yake ileile ndogo, akiangalia mlangoni.

"Rose alikaa kwao mwaka na nusu. Watoto wakawa kwa dada yangu. Wazee wa kanisa wakakuja, wakasema, Ndugu Barasa, karatasi iko, ungama tu yaishe. Nikakataa. Wakarudi, nikakataa. Halafu mtoto wa mwisho akaanza kuita dada yangu mama. Hapo nikachoka, Madam. Nikasimama mbele ya kanisa nikasema ni kweli, nilikuwa naenda Lwakhakha. Wakaniuliza jina ya huyo mwanamke. Sasa ikabidi nitafute jina."

Aliiweka barua mapajani, akaendelea.

"Rose alilia, akakuja mbele, akanishika mkono watu wote wakiona. Akasema amenisamehe. Siku hiyohiyo akarudi nyumbani."

"Basi mwonyeshe barua," nikasema. "Ndiyo maana nimekuja. Nitamweleza mwenyewe, kwa kinywa changu."

"Umweleze nini? Ati nilisimama kwa madhabahu nikadanganya Mungu? Ati yeye alisamehe hewa? Hii nyumba, Madam, imesimama juu ya kule kusamehe kwake. Ungeleta hii karatasi ile siku nilikuja kwa geti, ningekubusu mkono. Sasa ukiitoa unanibomolea."

Aliikunja barua kama ilivyokuwa, akanirudishia. Nikaitia kwenye mkoba. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaona kwamba hata hilo nitakuwa namwomba anipe kitu. Niliuomba hata hivyo. Akasema, "Sawa, Madam," kama mtu anayepokea chenji.

Rose aliingia na birika na mahindi ya kuchemsha. Mama mnene kidogo, mchangamfu, kitambaa kichwani. Alinisalimu kwa mikono miwili.

"Karibu sana, mama. Mmejuana wapi na mzee?"

"Tulifanya kazi pamoja Kitale."

Alisita na birika mkononi, halafu uso wake ukalainika.

"Basi wewe unajua tumetoka wapi," akasema. "Ulimwona wakati amepotea. Sasa mwangalie. Mungu ni mwema, miaka hii yote hajanidanganya hata siku moja." Akanimiminia chai, akakaa karibu na mumewe, akampangusa unga begani. "Wewe ulimjua ile wakati, mama. Si amebadilika?"

Barasa aliniangalia mara moja, kisha akaangalia kikombe chake.

"Amebadilika," nikasema.

Rose akaniongezea chai.